Miaka Minne ya Mwalimu wa Kilatini

Hakuwahi kuniuliza nina miaka mingapi. Aliuliza, "Uko wapi?" na kila aliyekulia kambini kwetu alijua kwamba haulizwi jina la mahali. Jibu lilikuwa moja kati ya maneno matano ya Kilatini aliyotufundisha kwenye ubao uliopasuka katikati, hatua za umri kuanzia mtoto hadi mzee: puer, adulescens, iuvenis, senior, senex. Ukimjibu kwamba uko Muheza alikutazama kwa huruma, akaendelea na safari yake, maana siku zote alikuwa safarini, hata kama anakwenda bombani tu kuchota maji.

Namwita Mwalimu wa Kilatini kwa sababu hatukumwita vingine. Alikuwa katekista, alikuwa karani wa parokia, na kwa muda alipima mizigo ya singa, yaani nyuzi, kwenye kiwanda cha mkonge, lakini kazi hizo zote hazikumpa jina. Jina lilitokana na lugha ambayo kambi nzima hakuna mwingine aliyeijua. Alikaa seminari miaka mingi akatoka bila kuwa padri. Sababu zilikuwa tatu, kutegemea nani anasimulia: wapo waliosema ni mwanamke, wapo waliosema ni ubishi, na wapo waliosema aliingia akiwa amekwisha kuwa mtu mzima wakamwona hatafika. Yeye mwenyewe ukimuuliza alitoka vipi alisema alitoka kwa mlango.

Niseme mapema, kabla sijaishiwa ujasiri. Mtu huyu, ambaye hakumwongezea wala kumpunguzia mtu hata mwezi mmoja, alinipunguzia mimi miaka minne. Kwa karatasi nina miaka hamsini na sita. Kwa kweli nina sitini. Nimekuwa mwongo wa umri tangu nikiwa na miaka kumi na moja, na kazi niliyoipata kwa uongo huo ni uuguzi, kazi ambayo kila asubuhi inanilazimu kuwauliza watu umri wao kabla sijawapima presha. Bibi mmoja akinijibu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige, nainama kwenye kadi, nakadiria, naandika, na moyo wangu hautulii mpaka amekwenda. Hivyo ndivyo nilivyoishi.

Kambi yetu ilikuwa njia ya Pangani, upande wa juu wa Tongoni, nyumba za mstari mmoja zilizojengwa kwa ajili ya wakata mkonge. Wazazi wetu walitoka mbali, kila mmoja na kwao, na wengi hawakujua walizaliwa lini. Walijua mvua, njaa na vita. Labda ndiyo sababu Mwalimu alipata wanafunzi. Jumamosi mchana, baada ya katekisimu, aliufuta ubao kwa kiganja, akaandika maneno yake matano na kuyatenganisha kwa mistari. Miaka kumi na mitano ya kwanza ni ya puer. Kumi na mitano inayofuata ni ya adulescens, kisha iuvenis mpaka arobaini na mitano, kisha senior mpaka sitini. Baada ya hapo senex, na hapo hakuchora mstari mwingine. Mtoto mchanga hakumwandika kabisa. Alisema Warumi walimwita infans, yaani asiyesema, na asiyesema hana haja ya kuulizwa yuko wapi.

Maneno yale hayakukaa darasani. Golikipa wetu akifungwa goli la kizembe tulimwita senex, na wanawake bombani walizipima ndoa zao kwa Kilatini bila kujua kwamba ni Kilatini. Mama mmoja alimwita mumewe senex mbele ya wakwe, na mume hajafika hata arobaini. Kesi ilipelekwa kwa Mwalimu. Aliwasikiliza akiwa amesimama, maana kukaa hakukuweza, akamgeukia yule mume, akamwangalia toka juu hadi chini, kisha akahukumu kwamba ni iuvenis halali, ila mvivu. Mume alishinda kesi na hakufurahi.

Huko kusimama kwake kulituchosha. Alifundisha akitembea, alikula akitembea, na ukimkaribisha kiti alikishika mgongo kama anayetaka kukihamisha. Kila baada ya miaka mitano alihama nyumba. Si kwamba alikwenda mbali. Alihama kutoka nyumba ya nne kwenda ya kumi na moja, kutoka ya kumi na moja kwenda ya pili, na kila mara mke wake alibeba masufuria akiwa amenuna. Muda wa miaka mitano Warumi waliuita lustrum, alisema, na mwisho wake walihesabu watu wao wakajisafisha. Asiyehama, kwa maoni yake, hajui alichonacho. Mke wake alijibu kwamba yeye anajua alichonacho, ni mume asiyetulia, na hakuhitaji kuhama ili kulijua hilo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mwadhini wa Tongoni. Mwalimu alikwenda huko kwa baiskeli kila Jumatano kutafuta samaki, akarudi mara nyingi bila samaki, kwa sababu walikuwa wakibishana habari za saa mpaka soko limekwisha. Alikuwa amegundua tangu seminari kwamba Warumi walihesabu saa kama sisi. Hesabu yao ya saa ilianza jua likichomoza. Hora prima ni saa moja, hora sexta ni saa sita ya mchana, hora nona ni saa tisa. Jambo hili lilimfurahisha kuliko kitu chochote alichowahi kusoma, na alilisema kama habari mpya kwa miaka zaidi ya arobaini.

"Yakhe, basi walituiga sisi," alimjibu mwadhini.

"Hawakuwahi kufika hapa."

"Ndiyo maana wakapotea."

Mwadhini naye alikuja na lake, kwamba usiku huutangulia mchana, na usiku wa Ijumaa ni ule unaolala kuamkia Ijumaa, wala si ule unaofuata. Alilileta kwa ukali, tayari kwa mabishano. Mwalimu akakubali papo hapo, akasema hata kanisani sikukuu huanzia jioni ya jana yake. Mwadhini alikasirika kwa kukosa mtu wa kubishana naye, akamwambia aende zake akanunue samaki.

Kilichomfanya awe mtu wa maana, hata kwa wasiompenda, ni vitabu vya ubatizo. Mapadre wa zamani waliviandika kwa Kilatini, kwa mwandiko wa kulala, na padri kijana aliyeletwa baadaye hakuweza kuvisoma kwa wepesi. Mtu aliyetaka kujua umri wake alikwenda kwa Mwalimu. Alipitisha kidole kwenye mistari, midomo ikicheza, akasoma: wa miaka kumi hivi, mtoto mchanga, mwanamke mzee, umri haujulikani. Kisha akaandika cheti. Kinamama waliotegemea kupata sabini walitoka na sitini na tatu, wakaona wamepewa zawadi. Wengine walilia. Bibi mmoja alimsihi ampunguzie hata miwili tu, kwa kuwa alikuwa na mchumba. Mwalimu alimwambia mchumba mwenyewe amekwisha kuja wiki iliyopita, na yeye pia alitaka kupunguziwa.

Hapo hakuwa na mzaha. Kocha wa timu ya vijana alimletea wavulana wanne wenye ndevu, akitaka wawe chini ya miaka kumi na saba. Mwalimu alimtazama mmoja wao akasema, "Huyu kijeba nilimbeba mgongoni mwaka niliooa," akafunga kitabu. Baba mmoja aliyehamia Ushongo kutafuta kazi alirudi kumwombea binti yake miaka mitatu ya kuongeza, kwa kuwa kulikuwa na mwoaji mwenye haraka. Mwalimu alimsomea mstari wenyewe, neno kwa neno, kisha akamwambia huyu ni mtoto, mrudishe shule. Yule baba alitukana mpaka barabarani. Binti alirudi shule, na sasa ana maduka mawili Pangani.

Lakini alipokuja mdogo wake mwenyewe sikumpenda Mwalimu. Mdogo wake alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine ya kusafishia singa, na lile vumbi lilikuwa limemwingia kifuani. Alikohoa usiku kucha, ukuta kwa ukuta na nyumba yetu. Aliomba kuongezewa miaka mitatu tu, apate kustaafu mapema. Mwalimu alikataa. Mdogo wake aliimaliza ile miaka mitatu kiwandani, akastaafu, akafa kabla ya Krismasi. Mazishini Mwalimu aliongoza sala kwa sauti isiyotetemeka, na mimi, niliyekuwa nimekwisha kuwa muuguzi wakati huo, nilisimama nyuma ya watu nikihisi koti limenibana kwa joto. Sikuweza kumlaumu. Mimi ndiye niliyekuwa natembea na miaka minne aliyokuwa nayo ya kutoa.

Sasa nieleze ilivyotokea. Nilichelewa shule kwa sababu baba alikatwa mguu na trekta la kukokota mkonge, mama akaingia shambani badala yake, na mimi nikabaki nyumbani kumhudumia baba na kulea wadogo zangu. Baba alipopata nafuu nilikuwa na miaka kumi na moja. Enzi zile, kabla ya kuandikishwa darasa la kwanza, uliambiwa upitishe mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Aliyelifikia alikubaliwa. Wenzangu waliokuwa kwenye foleni waligusa ncha ya sikio kwa taabu. Mimi nilipopitisha mkono vidole vilifika shavuni. Mwalimu mkuu alicheka, akamwambia mama kwamba mimi nipelekwe kwenye kisomo cha watu wazima nikakae na babu zangu. Mama alishikilia kwamba mwili wangu ni mrefu lakini miaka bado. Mwalimu mkuu akasema sawa, aletewe cheti.

Tulikwenda kwa Mwalimu wa Kilatini siku hiyohiyo. Namkumbuka amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Mama hakuomba uongo. Alieleza tu yaliyotokea, kisha akauliza kama ni kweli wale wazee wa kisomo hufundishwa kuandika jina tu basi. Mwalimu alinitazama na, ukiacha benchi ya kanisani, kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona ameketi. Akaandika cheti akiwa ameketi. Kitabu hakukifungua. Tulipotoka mama alinishika bega akaniambia kuanzia leo nina miaka saba, na akaniambia nisirudie kumwambia mtu yeyote vingine, hata kanisani.

Kuwa na miaka saba ukiwa na kumi na moja ni kazi. Darasa la tatu sauti yangu ilivunjika, nikaambiwa nina mafua yasiyopona. Darasa la sita nilinyoa ndevu kwa wembe uliochakaa, nyuma ya choo, na nikienda shule na mikwaruzo nasema ni miiba ya mkonge. Wenzangu waliniita kijeba na nilipigana nao, halafu nikajuta, maana nilikuwa nawazidi nguvu. Sikuzoea kamwe. Hadi leo nikiitwa jina langu ghafla nashtuka, nikidhani nimejulikana.

Mwalimu alikuwa na desturi yake kwa watoto wote wa ubao ule. Ukitimiza miaka kumi na mitano alikuja kwenu, akakupa mkono kama mtu mzima badala ya kukugusa kichwa, na wewe ulitoa ulichokuwa unachezea ukampa mtoto mdogo. Ukitimiza thelathini alikuja kukuambia uende kwa wazazi ukaombe radhi ya jambo moja. Arobaini na mitano, alikutaka uache ugomvi mmoja. Kwangu alikuja kwa siku za umri wangu wa kweli. Karatasi ilisema nina kumi na moja, niko darasa la tano, naye akasimama mlangoni mwetu na kunyoosha mkono. Nilitoa gurudumu langu la waya, nikampa mdogo wangu. Aliponijia thelathini nilikuwa Pangani, na aliponijia arobaini na tano alikuwa mzee, amepanda basi peke yake, nikamkuta ananisubiri nje ya kituo cha afya. Nikaacha ugomvi na shemeji yangu. Hakuna aliyeelewa kwa nini mzee huyu anakuja siku isiyokuwa yangu. Mimi nilielewa, na nilimchukia kidogo kwa kunikumbusha, na nilimpenda pia.

Kulikuwa na jambo lake moja ambalo kambi nzima ililijadili. Aliimbisha nyimbo za Kilatini, alifundisha komunyo ya kwanza, aliwapanga watoto kwa mstari na kuwarekebisha mikono, halafu wakati wa kupokea alibaki kwenye benchi. Kila Jumapili. Watu walimzushia mke wa pili Pangani, wakamzushia deni kwa Mhindi, wakamzushia uganga. Kadiri walivyosema ndivyo alivyokaa benchi ya mbele zaidi.

Niliambiwa na mke wake. Alikuwa na kidonda cha sukari mguuni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga kila Jumatatu. Siku moja, nikiwa nimeinama, bila kunitazama, aliniambia kwamba mume wake hapokei komunyo kwa sababu yangu. Aliungama kile cheti wiki ileile alipokiandika. Padri akamsamehe, akamwambia arekebishe itakapowezekana. Mwalimu akajibu kwamba haiwezekani mpaka mtoto amalize shule. Nilipomaliza shule nilikuwa chuo cha uuguzi. Nilipomaliza chuo nilikuwa nimeajiriwa. Mapadre wengine wawili walimwambia mambo hayo yamekwisha, Mungu si karani, aende apokee. Alikataa.

"Anasema dhambi nyingine hulala," mke wake aliniambia. "Yake ina miguu, inakwenda kazini kila siku asubuhi. Ndugu yake alimnyima mitatu, wewe akakupa minne. Akasema hawezi kudanganya tena, hii moja inamtosha."

Nilimaliza kufunga kidonda. Tangu siku hiyo nikaanza kumkwepa Mwalimu. Nikimwona barabarani nilivuka upande wa pili. Kanisani nilihamia misa ya kwanza. Mke wake alipofariki nilikwenda kuzika, nikampa pole Mwalimu kwa mikono miwili, nikaondoka kabla ya chakula. Naye hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonikosesha amani zaidi ya lawama zozote.

Mwaka huu ulikuja uhakiki wa nyaraka za watumishi. Kila mtu alitakiwa kuthibitisha tarehe ya kuzaliwa. Cheti changu pekee ni kile cha ubatizo, na afisa aliniambia kiungwe mkono na kitabu cha parokia au na aliyekiandika, kama yu hai. Nilikwenda parokia nikiwa sijalala siku tatu. Padri alinionyesha kitabu kwa masikitiko. Mchwa walikuwa wameingia kabatini, wakala kurasa za miaka ile yote, wakaacha jalada. Nilitoka nje. Kwa dakika moja nilifurahi kupita kiasi, kisha nikakumbuka kwamba sasa amebaki Mwalimu tu, na kwamba neno lake moja litanipa miaka minne mingine ya mshahara na kustaafu kwa heshima, au litaniweka kwenye orodha ya waliodanganya.

Mwalimu alikuwa amechukuliwa na binti yake, aliyeolewa na mkulima wa machungwa huko Maramba. Nilifika Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi. Binti yake alinipokea ukumbini kwa sauti ya chini. Akaniambia baba hali chakula sasa, daktari amesema wamtunze nyumbani. Padri wa pale amekuja mara mbili kumpaka mafuta na kumpa komunyo, na baba amemrudisha mara zote mbili kwa adabu. "Anasema anasubiri mtu," aliniambia. "Tulidhani amechanganyikiwa."

Alikuwa amelala chali, mdogo sana, lakini miguu ilikuwa ikisogea chini ya shuka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Nikamweleza yote, haraka haraka, uhakiki, afisa, mchwa. Nikasikia sauti yangu inavyosihi na nikaona aibu, lakini sikuacha. Nikamtolea fomu. Ilikuwa na mistari mitatu tu, kwamba yeye aliyeandika cheti kile anathibitisha kuwa ni cha kweli. Aliisoma polepole, akaishusha kifuani.

"Mchwa wamekula mpaka wapi?"

"Miaka ile yote, Mwalimu."

"Basi tunaojua ni mimi na wewe."

"Ndiyo."

Akamwita binti yake amwinue, amwekee mito mgongoni. Akaomba kalamu. Nilimuuliza, na sijui kwa nini niliuliza, kama akitia sahihi itakuwaje padri akija tena.

"Atarudi alikotoka," alisema. "Nimekaa benchi miaka arobaini na tisa, mwanangu. Nimekwisha kuizoea. Lete."

Hakuisema kwa uchungu, wala hakunitupia lawama. Alikuwa tayari. Nilimshikia fomu juu ya kitabu cha nyimbo, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari, na mkono ukaanza kutetemeka, akaushika kwa mkono wa pili ili uandike. Nilitaka amalize. Nasema kweli, nilitaka amalize upesi nipate basi la mchana. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Alikuwa anakwenda kufa bila kile alichotamani maisha yake yote, kwa ajili ya miaka minne ambayo mimi nilikwisha kuila, na hakuona kwamba ni nyingi.

Nikaivuta fomu kutoka chini ya kalamu.

"Nina miaka sitini, Mwalimu," nikasema. "Sitini na miezi miwili."

Aliacha kusogeza miguu. Alimwangalia binti yake, kisha mimi.

"Sema tena, huyu asikie."

Nikasema tena. Binti yake hakuelewa, lakini alisimama wima kama aliye kanisani. Nikaigeuza fomu, nikaandika nyuma, kwa mwandiko wangu wa kadi za wagonjwa, mwaka niliozaliwa, na kwamba cheti kile kilipunguza miaka minne, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Nikamsomea. Alirekebisha neno moja, akaniambia nitaje kwamba aliyeandika ni yeye na mama yangu hakuomba. Nikaongeza. Akatia sahihi, safari hii bila kushikilia mkono wake.

"Watakufukuza," alisema.

"Watanifukuza."

Akamwambia binti yake aende akamwite padri, na amwambie asichelewe.

Padri alifika kabla ya saa sita, kijana mdogo kwa pikipiki, amefunika mkoba wake kwa koti kuzuia vumbi. Walifunga mlango. Niliwasikia wakiongea kwa sauti ya chini, kisha sauti ya Mwalimu ikiitikia Amina, kubwa kuliko nilivyodhani anaweza. Mimi nilikuwa ukumbini nimeketi na ile karatasi mapajani. Nilikuwa na miaka sitini, na Jumatatu nitakuwa sina kazi.